Raivo Wangu wa Mkiani

Nimeletewa hadithi hii na shemeji yangu, naye aliletewa na mtu wa kwaya yao, na huko nyuma sijui ilianzia kwa nani. Kwa kawaida ujumbe mrefu huwa naufuta kabla sijamaliza mstari wa pili. Huu nimeusoma mpaka chai ikapoa. Ukiumaliza, usiwatumie watu wote ulionao kwenye simu. Mtumie mmoja tu, yule mnayeshindana naye.

Katika milima ya Upare palikuwa na mfereji wa zamani, uliochimbwa na mababu kwa majembe ya mkono. Ulianzia kwenye kijito msituni, ukazunguka ubavu wa mlima, ukanywesha mashamba mpaka chini kabisa. Kila shamba lilikuwa na lango lake, yaani jiwe bapa lililozibwa kwa udongo na maganda ya mgomba. Siku ya zamu yako unaondoa jiwe, maji yanaingia. Zamu ikiisha unalirudisha na kwenda zako.

Mfereji huo ulikuwa na sheria mbili ambazo kila mtoto alizijua kabla hajajua kusoma. Ya kwanza ilisema hivi: zamu ambayo haikufunguliwa na mwenyewe au mtu wa nyumba yake, maji yake yanashuka mpaka mkiani, yaani kwenye shamba la mwisho, kwa sababu wa mwisho ndiye anayepunjwa siku zote. Ya pili ilikuwa fupi. Lango la mwenzio huligusi. Hata ukiwa na nia njema, huligusi. Watu walikuwa wameshanyimwa maji msimu mzima kwa kosa hilo.

Shamba la juu kabisa, ukingoni mwa msitu, lilikuwa la Mzee Mbonea. Ukilifikia, njia imeishia hapo, na huna sababu ya kufika kama hukumfuata yeye. Shamba la mkiani lilikuwa la Elieskia. Wote wawili walilima tangawizi, na hapakuwa na mtu mlimani aliyewafikia.

Walikuwa rika moja. Walitiwa jandoni pamoja, na tangu siku hiyo hakuna jambo ambalo hawakulishindania. Mmoja akiezeka bati, mwenzake naye huyo, anashuka mjini kutafuta bati linalong'aa zaidi. Kanisani mmoja akiimba besi, mwenzake anatafuta besi ya chini zaidi, mpaka mwalimu wa kwaya akawatenganisha viti. Mbonea alipenda kumwita mwenzake "mtu wa mkiani." Elieskia naye alikuwa na jibu lake tayari: "Bila mkia, ng'ombe ataliwa na nzi."

Lakini kwenye tangawizi Mbonea hakuwahi kushindwa. Kila mwaka watu waliangalia mavuno, wakamwambia Elieskia, "Wewe ungekuwa na maji kama yule wa juu, tungeona mengine." Walisema hivyo kumfariji. Yeye yalimchoma kuliko matusi, kwa kuwa mtu anayefarijiwa kila mwaka ni mtu anayeshindwa kila mwaka.

Ndipo akaja Bwana Kihwelo, afisa wa kampuni inayonunua viungo. Aliitisha mkutano akasema kampuni inatafuta mkulima wa mbegu. Shamba litakaloonekana bora siku ya ukaguzi ndilo litakalotoa mbegu ya tangawizi kwa mlima mzima, na mbegu hiyo itaitwa kwa jina la mwenye shamba. Wajukuu wangekuja kusema, "Leo tumepanda Mbonea," au, "Leo tumepanda Elieskia." Majina mengine hayakutajwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kujidanganya.

Bwana Kihwelo alikuwa na tabia ya wasomi wetu ya kuchanganya lugha. Alimshika Mbonea bega, akamwonyesha Elieskia kwa kidevu, akasema, "Mzee, jiandae. Yule ndiye rival wako."

Mbonea hakujua maana yake, lakini neno lilimpendeza. Aliliona lina uzito, kama koti la mtu mkubwa. Kuanzia siku hiyo salamu zake zikabadilika.

"Raivo wangu wa mkiani ameamkaje?"

"Ameamka yuko kwenye palizi," Elieskia alimjibu. "Na wewe je?"

Hapo Mbonea alipita haraka, maana palizi ilikuwa ugonjwa wake. Alijua kunywesha, alijua kuweka samadi, ila magugu aliyaonea huruma isiyo na sababu.

Kiangazi kikakolea, wakati ambao tangawizi haisamehe kukosa maji. Asubuhi moja Mbonea aliteleza kwenye ukingo wa mfereji, akaanguka na kuvunjika mguu. Wakamteremsha mpaka hospitali ya wilaya, huko tambarare. Mkewe, Mama Eliamani, akafuatana naye ili amuuguze. Watoto wao walikuwa wameshakwenda kuishi mbali. Nyumba ikafungwa kufuli, na lango la shamba likabaki limezibwa kwa jiwe.

Sasa itazame bahati ya Elieskia. Kwa sheria ya mababu, zamu zote za Mbonea zilikuwa zinamshukia yeye. Hakuhitaji kuiba, wala kuomba, wala kumwonea mtu haya. Alichotakiwa ni kukaa kwake, akunje miguu, asubiri maji yafike. Shamba la mpinzani wake lingekauka lenyewe, na hakuna kinywa ambacho kingemlaumu.

Mbonea alilijua hilo vizuri kule kitandani. Kila siku ya zamu yake ilipofika, alikataa uji.

Siku moja jirani yake, Mrutu, akaja kumjulia hali. Wakasalimiana, wakapeana pole, kisha mgonjwa akauliza habari za mlimani.

"Tunaendelea," Mrutu akasema. "Ila nimeona jambo la ajabu. Juzi asubuhi nilikuwa ng'ambo ya bonde, nikamwona Elieskia na jembe, yuko kwenye lango lako. Sasa mimi..."

"Kwenye lango langu?"

"Ndiyo, tena siyo juzi tu. Nikajiuliza, huyu mtu..."

"Usijiulize! Mimi najua."

Mrutu alifungua mdomo kuendelea, lakini mgonjwa alikuwa ameshainuka nusu kitanda, mguu unaning'inia, na anafoka. Nesi akaja mbio. Mrutu akaombwa atoke, akaondoka na maneno yake kifuani.

Ili uelewe hasira ya Mbonea, ujue kwamba malango yote ya mfereji ule huvuja. Mvujo ni mdogo, lakini katika kiangazi unaweza kuyaweka mashina hai mpaka mwenyewe arudi. Hilo ndilo tumaini pekee lililokuwa limembakia.

"Haikumtosha kupata zamu zangu zote," akamwambia mkewe. "Ameona hata mvujo ni mwingi. Amekwenda kuniziba, nisipate hata tone!"

"Baba Eliamani, piga simu uulize kwanza."

Simu ilikuwa pale pale, chini ya mto. Lakini mtu akishaamini kuwa ameibiwa, hapigi simu kuuliza, hupiga kushtaki. Alimpigia Bwana Kihwelo. Alimpigia Mzee Senkondo, msimamizi wa mfereji. Wote aliwaambia neno moja, kwamba Elieskia amegusa lango lake. Mzee Senkondo akasema shauri litasikilizwa siku ya ukaguzi, watu wa mfereji wote wakiwapo.

Jioni hiyo akafika Mwalimu Nakijwa, mama anayefundisha Kiingereza kwenye sekondari ya huko kwao. Alikuwa amebeba ndizi mbivu. Hata hajakaa, Mbonea akamvaa.

"Mwalimu, afadhali umekuja. Lile neno raivo, kwa Kizungu maana yake ni mwizi?"

Mwalimu akacheka. "Hapana, mzee. Ni mpinzani, mshindani. Timu mbili za mji mmoja huitwa hivyo. Wagombea wawili wa kiti kimoja, maduka mawili yanayotazamana, hata vijana wawili wanaomposa binti mmoja."

"Basi ni neno la ugomvi."

"Limekuwa la ugomvi. Halikuzaliwa hivyo." Mwalimu akavuta stuli akaketi. Ukimgusa huyu mama kwenye maneno, hata saa ya kuona wagonjwa anaisahau. "Lilitoka kwa Warumi wa kale. Kijito wao walikiita rivus. Watu wanaotumia maji ya kijito kimoja, wakawaita rivales. Mwanzoni ndiyo maana yake yote, mzee, watu wa maji mamoja."

"Kumbe Warumi nao walikuwa na mifereji?"

"Walikuwa nayo, tena na sheria za kugawana maji, kama sisi."

Mbonea akafikiri kidogo. "Sasa ilikuwaje neno zuri namna hiyo likaharibika?"

"Nadhani unajua ilivyokuwa," Mwalimu akasema taratibu. "Maji hayakutosha."

Mimi msimuliaji naomba nisimame hapa nisifu kidogo, maana sehemu hii ndiyo iliyonipoza chai. Sisi tunasema fahali wawili hawakai zizi moja, na ni kweli, nimeona. Lakini hao wazee wa Kirumi, kabla ya kuangalia pembe za fahali, waliangalia mahali wanapokunywa. Na neno hilo tunalitamka kila Jumapili kwenye habari za mpira bila kujua kuwa ndani yake kuna maji. Nilifurahi kama mtu aliyeokota shilingi kwenye koti la zamani.

Mbonea hakufurahi. Aligeukia ukutani akasema, "Hao Warumi hawakumjua Elieskia."

Basi, siku zikaenda, mguu ukashika. Mbonea akaruhusiwa kurudi nyumbani jioni ya kuamkia ukaguzi. Giza lilikuwa limeingia, hakuona chochote. Kulipopambazuka akachukua magongo yake, akamwambia mkewe, "Twende nikalione shamba, nimalize." Wakaanza kupanda kuelekea msituni, yeye na magongo yake, mkewe nyuma akimkinga asianguke. Tuwaache wakipanda.

Gari la Bwana Kihwelo lilitoka tambarare, kwa hiyo ukaguzi ulianzia mkiani. Watu wa mfereji wote walikuwa wamekusanyika kwa Elieskia. Shamba lake lilikuwa safi mno. Mistari imenyooka, hakuna gugu hata moja, na mashina yamesimama ingawa udongo ulionyesha kuwa maji yalikuwa ya kubana. Kabla afisa hajaanza kazi, Mzee Senkondo akainua fimbo.

"Elieskia, kuna shauri la mfereji. Je, uligusa lango la Mbonea?"

"Niligusa."

Watu wakaguna.

"Mara moja?"

"Kila siku ya zamu yake."

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

Elieskia akatazama chini. Mkewe alimvuta mkono wa shati, akimnong'oneza aseme. Hakusema. "Lango siyo langu, nami nililigusa," akajibu. "Mtu hajitetei kwa sheria anayoijua. Endelea, mzee."

Mzee Senkondo alisikitika, lakini sheria ni sheria. Akaanza kutamka kwamba Elieskia atakaa msimu mzima bila maji, na kwamba mtu aliyevunja sheria ya mfereji hawezi kuwa mkulima wa mbegu. Mke wa Elieskia akajifunika uso kwa kanga. Miaka yote ile ya palizi ilikuwa inapotea mbele ya macho yake, na mumewe amesimama kama gogo.

"Ngojeni!"

Ilikuwa sauti ya Mbonea. Alikuwa anateremka kwa magongo, jasho linamtiririka, matope yamemfika magotini. Watu wakampisha. Akaja mpaka mbele ya Elieskia, akashindwa kusema kwa kuhema.

"Nimetoka shambani kwangu," akasema hatimaye. "Nilikwenda kuzika. Nimekuta tangawizi inanifika kiunoni, mbichi, na udongo unashika kidole."

Elieskia akauliza swali moja tu.

"Na magugu?"

"Magugu yamejaa."

"Hayo ni yako. Maji nilikupa. Palizi sikukuahidi."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. Mbonea akawageukia watu wote.

"Mimi ndiye niliyepiga simu. Mrutu alitaka kunieleza, nikamkatiza. Mke wangu aliniambia niulize, nikakataa. Nimemwita mtu huyu mwizi, kumbe alikuwa anafungua zamu zangu, akilinywesha shamba langu, na yeye akibaki na zamu yake moja ya mkiani." Akamgeukia mwenyewe. "Elieskia, kwa nini? Maji yalikuwa yako kwa sheria. Nani angekulaumu?"

Elieskia alipojibu hakuwa anatania.

"Mbonea, tangu ujana wetu unanishinda. Na kila mwaka nasikia, angekuwa na maji tungeona. Mwaka huu kama ningekushinda, wangesema nilimshinda mtu aliyelala hospitali. Ningekwenda kaburini na maneno hayo. Mimi nataka siku nikikushinda, uwe na maji yako yote, na watu wakose la kusema. Sikulinywesha shamba lako kwa kukupenda. Nililinywesha ili niwe na mtu wa kumshinda."

Wallahi, mimi nilipofika hapo niliweka simu chini. Nimesikia mahubiri mengi juu ya upendo, lakini sijawahi kusikia heshima ya mtu kwa mtu ikisemwa wazi namna ile, tena na mtu anayekana kuwa ana upendo.

Mzee Senkondo aliishusha fimbo yake. "Sheria hii waliiweka mababu kwa ajili ya wezi," akasema. "Hawakupata kumfikiria mtu wa namna hii. Shauri limekwisha."

Bwana Kihwelo, ambaye hakuwa ametia neno tangu afike, akakohoa na kuomba ukaguzi uendelee. Akang'oa mashina mkiani, akapanda juu msituni kwa Mbonea, akang'oa na huko, umati mzima nyuma yake. Akayalaza pamoja juu ya turubai. Tangawizi ya Mbonea ilikuwa na majani marefu, lakini chini vidole vilikuwa vyembamba, magugu yalikuwa yameinyang'anya chakula. Ya Elieskia ilikuwa imejaa kama mkono wa mtu aliyeshiba.

"Ni Elieskia," afisa akasema.

"Hapana," akasema Elieskia. "Bado kuna neno. Hakupalilia kwa sababu alikuwa mgonjwa."

"Umeshinda, mkaidi wewe!" Mbonea akapiga gongo chini.

"Sijashinda. Ungekuwa mzima ungepalilia."

"Nisingepalilia! Muulizeni mke wangu, huwa napalilia lini?"

Macho yote yakamgeukia Mama Eliamani. Mama wa watu akatengeneza kanga yake vizuri, akasema, "Tangu anioe, ni mimi ndiye ninayepalilia. Na mwaka huu nilikuwa namuuguza yeye." Akatafakari. "Ila kabla hajavunjika mguu, magugu yalikuwa yameshatushinda."

Kicheko kilichoanguliwa pale kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mbonea akamshika Elieskia mkono, akauinua juu mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, na machozi yakamtoka bila kuyafuta.

Msimu wa kupanda ulipofika, mtu wa kwanza kuteremka mkiani kuchukua mbegu alikuwa Mbonea, anachechemea, gunia begani. Elieskia akamkaribisha chai, kisha akaingia stoo. Akachagua kipande kimoja kimoja, vilivyonona, vyenye macho mengi, akavipanga ndani ya gunia la mwenzake kama anayepanga mayai.

Mkewe alikuwa anamtazama mlangoni. "Baba, si hizo ulizotenga tupande sisi?"

"Ndizo."

"Sasa za kwetu unampa yeye?"

"Nampa." Elieskia akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akalikaza vizuri. "Mwakani nikimshinda tena, asije akasema mbegu ilikuwa mbaya."

Funzo: Anayeomba uanguke ni adui, lakini anayetaka kukushinda ukiwa umesimama ni zawadi kutoka kwa Mungu, basi kabla hujamshtaki, panda kwanza ukalione shamba lako.